Akaunti Tupu na Akaunti Zilizolala

(Mazungumzo yafuatayo yalitolewa katika semina ya makatibu na wajumbe wa kamati za vyama vya msingi. Yanachapishwa hapa kwa ombi la vyama ambavyo havikuweza kuleta wajumbe.)



Nimeombwa nizungumze nanyi juu ya daftari la kompyuta liitwalo blokicheni, na hasa juu ya namna ya kutambua akaunti zinazokaa bure humo, yaani zile zinazokula nafasi na gharama pasipo kumfaa mtu. Najua wengine wenu mlipoiona mada hii kwenye ratiba mlitazamana. Mmetoka nyumbani alfajiri mkiwa na mambo ya pembejeo na bei ya mazao vichwani, na mnayo haki ya kuuliza mada hii inahusiana vipi na mambo hayo. Naomba mnivumilie. Mimi ni mkaguzi wa hesabu wala si fundi wa kompyuta, na nimelifuatilia jambo hili kwa sababu moja tu: linahusu daftari, na baadhi ya makosa yaliyotendeka humo ni makosa ambayo mimi mwenyewe nimeyatenda kwa kalamu ya wino.

Tena jambo lenyewe haliko mbali kama linavyosikika. Nchini Kenya, sarafu ya jamii iliyopewa jina hilo hilo la Sarafu iliandikwa katika daftari la namna hii, na wananchi waliitumia kwa simu za kawaida. Kumbukumbu zake zilizochapishwa kwa ajili ya uchunguzi wa wataalamu, kuanzia Januari 25, 2020 hadi Juni 15, 2021, zina watumiaji wapatao 55,000, na ndani yake yamo manunuzi ya kila siku pamoja na shughuli za vikundi vya kuweka na kukopa. Kwa hiyo siku yoyote anaweza kufika mlangoni pa chama chako kijana mwenye mkoba, akashauri kwamba daftari la wanachama lihamishiwe huko. Sikuja kumtetea kijana huyo, wala sikuja kumfukuza. Nimekuja kueleza mambo anayopaswa kuulizwa.

Ninyi makatibu mnajua tofauti ya jarida na leja. Katika jarida tunaandika kila tendo kwa tarehe yake: leo fulani kaleta magunia mawili, kesho fulani kalipwa. Katika leja kila mtu ana ukurasa wake unaoonyesha hali yake ilivyo sasa. Blokicheni ina vitu hivyo vyote viwili. Jarida lake limefungwa mafungu mafungu, na kila fungu lina muhuri uliotokana na fungu lililotangulia, hata mtu akitaka kubadili neno moja la zamani itambidi avunje mihuri yote iliyofuata. Hilo halifutwi. Leja yake, kwa upande mwingine, hubadilika kila mara, na ndiyo inayotuhusu leo. Ajabu ya daftari hili ni kwamba halikai katika ofisi moja. Linakaa katika maelfu ya kompyuta za watu wasiofahamiana, kila mmoja akiwa na nakala kamili, na wote hawana budi kukubaliana hadi nukta ya mwisho.

Sasa fikirini maana yake kwa ukurasa mmoja usio na kazi. Ukurasa huo mkiuacha katika leja ya chama, hasara ni karatasi moja. Ukiachwa katika leja ya wazi, unaandikwa katika kila nakala ya leja hiyo, duniani kote, na kila anayejiunga baadaye hulazimika kuupokea na kuutunza. Aliyeufungua alilipa mara moja, pengine hakulipa kitu; wanaoubeba ni wengine, na mzigo huo hauna tarehe ya mwisho.

Mfano mkubwa kuliko yote niujuao ni wa daftari liitwalo Ethereum, lililoanza kazi Julai 30, 2015. Katika daftari hilo kila amri hutozwa ada kwa vipimo viitwavyo gesi, na kila kazi ina bei yake. Kufungua ukurasa mpya kwa njia ya kawaida kulikuwa na bei ya gesi 25,000, nayo ilikuwa bei ya kutosha kumzuia mtu asifungue kurasa ovyo. Lakini waandishi wa kanuni waliacha tundu. Humo ndani mna programu ndogo ndogo zinazojiendesha, na programu hizo zilikuwa na amri ya kujifuta. Programu ikijifuta, salio lake hupelekwa kwenye anwani iliyotajwa. Ikiwa anwani hiyo haijawahi kuonekana, hufunguliwa ukurasa mpya, hata kama salio linalopelekwa ni sifuri. Na amri hiyo ya kujifuta haikuwa na bei. Walifikiri kwamba mtu anayesafisha uchafu wake mwenyewe asitozwe.

Mwezi Septemba 2016 mashambulizi yakaanza. Kwanza mshambuliaji alitumia amri nyingine, ile ya kuuliza ukubwa wa programu ya mtu mwingine, iliyokuwa na bei ya gesi 20 tu ilhali ililazimisha kompyuta kupekua diski yake. Akaiuliza mara maelfu kwa maelfu mpaka kompyuta zikawa zinakokota. Kisha mwezi Oktoba akaligundua tundu nililolitaja. Kwa ada ndogo mno akafungua kurasa takriban milioni 19. Hazikuwa na salio, hazikuwa na programu, wala hapakuwa na mtu nyuma yake. Zilikuwa majina matupu, nazo zilizizidi kwa mbali akaunti za watu wa kweli.

Naomba mtazame walivyolishughulikia jambo hili, kwa maana walifuata utaratibu. Oktoba 18, 2016 waliziba tundu kwanza. Amri ya kujifuta ikapewa bei ya gesi 5,000, na kama inafungua ukurasa mpya inaongezwa 25,000. Ile ya kuuliza ukubwa ikapandishwa kutoka 20 hadi 700. Hawakuanza kufagia siku hiyo. Wangefagia huku mlango uko wazi, wangekuwa wanachota maji kwa tenga. Ufagizi uliwekewa kanuni yake Novemba 22, 2016, kanuni ijulikanayo kwa namba 161, na hiyo ndiyo iliyonifanya nikae kitako nisome.

Kila ukurasa wa leja ya Ethereum una mambo manne: salio; kihesabio cha amri ambazo mwenyewe amewahi kuzitoa; alama ya programu, kama ipo; na alama ya kumbukumbu za programu hiyo. Kanuni ilisema hivi: ukurasa utaitwa mtupu iwapo salio lake ni sifuri, na kihesabio chake ni sifuri, na hauna programu yoyote. Masharti matatu, na yote yatimie kwa pamoja. Kanuni haikuuliza akaunti ina muda gani tangu itumike, wala haikuuliza kama inaonekana ya mtu maskini au ya mtu aliyekwisha kufa. Hakuna aliyepewa madaraka ya kukisia. Kompyuta yoyote, mahali popote, ikiutazama ukurasa ule ule itatoa jibu lile lile.

Sharti la pili, la kihesabio, nataka nikae nalo kidogo, maana hapo ndipo mwanafunzi wa ukaguzi atakapouliza: akaunti yenye salio sifuri, kwa nini isifutwe hata kama iliwahi kutumika? Pesa zimekwisha, mwenyewe kaondoka, inangoja nini? Jibu ni hili. Kila amri inayotiwa saini katika daftari lile hubeba namba yake: amri ya 0, ya 1, ya 2, na kuendelea. Daftari hukubali kila namba mara moja tu, kwa kuwa kihesabio kinakumbuka pale ilipofikia. Sasa chukueni mtu aliyewahi kutoa amri tano, akamaliza fedha zake. Amri zake hizo tano, pamoja na saini zake halali, bado zipo katika jarida na kila mtu anaziona. Ukiufuta ukurasa wake, kihesabio kimefutika. Siku atakayoletewa fedha tena, ukurasa utafunguliwa upya ukianzia sifuri, na mwizi atazichukua zile amri za zamani na kuziwasilisha tena moja baada ya nyingine, zikiwa na saini ya kweli. Fedha zitatoka kwa idhini ambayo mwenyewe aliitoa zamani kwa shughuli nyingine.

Ninyi mnaoshika vitabu vya stakabadhi mmenielewa. Kitabu kilichokwisha hakichomwi moto kwa kuwa kimekwisha. Vishina vyake ndivyo vinavyozuia namba ile ile isilipwe mara mbili. Hivyo basi ukurasa unaoonekana kuwa wa bure kabisa unaweza kuwa unafanya kazi ya ulinzi, kimya kimya, na aliyesimama nje haioni kazi hiyo.

Waliona pia hatari nyingine ndogo. Programu mpya, wakati inapoandikwa, hupitia kitambo ambapo haina salio, haina amri iliyotolewa, na programu yenyewe haijakaa mahali pake. Kwa masharti yale matatu ingehesabiwa tupu na kufutwa ingali inazaliwa. Kwa hiyo kanuni ile ile iliagiza kwamba kihesabio cha programu kianzie 1 badala ya 0. Nimelitaja kwa sababu mara nyingi tunaandika sheria ya kuwaondoa wasiofaa, tukasahau kuuliza mwanachama mpya anafananaje siku yake ya kwanza.

Kanuni ilipokwisha kupita, kurasa hazikutoweka zenyewe. Ilitakiwa kila ukurasa mtupu uguswe na amri fulani, ndipo mwisho wa amri hiyo ufutwe. Kwa hiyo, baada ya kanuni kuanza kutumika, watu walituma amri za kuzigusa kurasa kwa mafungu, wakizilipia ada, mpaka mamilioni hayo yakafagiliwa. Uchafu ulioingia kwa ada ndogo uliondolewa kwa kazi ya watu, tena kwa ada.

Na hapo lilitokea jambo ambalo kijana mwenye mkoba hatawasimulieni. Novemba 24, 2016, siku mbili tu baada ya kanuni kuanza, daftari lilipasuka. Palikuwa na programu mbili kubwa za kuendeshea kompyuta zile, Geth na Parity, zilizoandikwa na mafundi mbalimbali kutokana na kanuni moja. Kanuni ya siku zote ni kwamba amri ikiishiwa ada katikati, kila ilichokitenda hutanguliwa, kana kwamba haikutolewa, isipokuwa ada iliyoliwa. Amri moja iliishiwa ada baada ya kuwa imefuta kurasa tupu. Geth ilitangua mambo mengine yote lakini haikuzirudisha kurasa zilizofutwa. Parity nayo ilionekana kuwa na kosa la jamaa moja na hilo, ingawa katika hali chache zaidi. Kuanzia fungu la 2,686,351 wenye Geth walikuwa na leja moja na wenye Parity walikuwa na nyingine. Kwa muda huo aliyepokea malipo hakuweza kuwa na hakika ni leja ipi itakayosimama. Marekebisho yalitolewa haraka na daftari likaungana tena.

Zingatieni ukubwa wa chanzo. Hapakuwa na senti iliyoibwa katika kurasa zile. Zilikuwa tupu, na hakuna aliyezigombania. Walichokosana ni kama ukurasa usio na kitu upo au haupo. Kufuta ni kuandika, ndugu zangu, nako kunahitaji mashahidi kama malipo yanavyohitaji.

Sasa niseme la kwangu, kama nilivyoahidi.

Miaka mingi iliyopita nilikagua chama kimoja cha kahawa, ambacho jina lake halina haja. Daftari lao la wanachama lilikuwa na majina mengi kuliko watu. Wamo waliofariki, waliohamia mjini, na wamo walioandikwa mara mbili kwa jina la baba na kwa jina la ubatizo. Kwa sababu hiyo mkutano mkuu uliahirishwa mara mbili: akidi ilihesabiwa kwa majina, na majina hayaji mkutanoni. Katibu alikuwa kijana mwenye bidii. Aliniuliza afanyeje, nami nikamjibu kwa haraka ya mtu mwenye gari linalomngoja barabarani: tazama vitabu vya mizani, asiyeleta kahawa misimu mitatu mfululizo mkate. Alikesha na taa yake akakata majina kwa rula na wino mwekundu.

Msimu uliofuata nilirudi chamani hapo. Asubuhi ile alikuja mama mmoja, mjane, akafungua fundo la khanga akatoa kitabu chake cha hisa, akakiweka mezani. Alikuwa ameleta kahawa, karani wa mizani akamwambia jina lake halipo. Bwana shamba alikuwa amemshauri aikate mibuni yake mikuukuu kwenye mashina ili ichipue upya, naye akaikata yote kwa pamoja, kwa kuwa mkwewe alikuwa likizoni na msumeno ulikuwepo. Mibuni iliyokatwa shina haizai mwaka huo wala ule unaofuata. Msimu mmoja kabla ya hapo alikuwa hospitali na mumewe. Hiyo ikawa misimu mitatu. Hisa zake zilikuwemo, kiingilio kilikuwa kimelipwa tangu enzi za mumewe, na malipo ya pili ya kahawa ya nyuma, ambayo chama kilikuwa kimeyapata kwa kuchelewa, yalikuwa yamegawanywa kwa majina yaliyobaki.

Katibu alinitazama. Yule mama hakujua kuwa ushauri ulikuwa wangu, na siku ile sikumwambia. Jina lilirudishwa katika mkutano uliofuata, lakini fedha zilikuwa zimekwisha kuliwa, na ilichukua misimu miwili kumlipa kidogo kidogo kutoka katika matumizi ya ofisi.

Ndiyo sababu niliposoma masharti yale matatu niliona haya. Mafundi wa Ethereum walikuwa na kurasa milioni 19 zinazowazibia njia, na hata hivyo hawakumgusa mtu aliyelala. Waligusa patupu tu. Mpaka leo zimo katika daftari hilo akaunti zilizowekewa fedha mwaka 2015 na hazijasogea tangu hapo. Nani ajuaye kama mwenyewe amekufa, amepoteza ufunguo, au anangoja mibuni yake ichipue? Daftari halina njia ya kujua, na kwa kuwa halijui, halimhukumu. Kuhusu zilizo tupu lakini limekuwa kali zaidi: mwaka 2023 liliandikwa pendekezo, namba 7523, la kwamba ukurasa mtupu usiruhusiwe kuwemo kabisa.

Mtaniuliza: tusipofuta waliolala, tufanyeje na akidi, tufanyeje na malipo? Hapa pia kuna mfano. Mwaka 2022 daftari liitwalo Optimism, lililojengwa juu ya Ethereum, lilitaka kugawa sarafu zake kwa watumiaji wa awali. Habari za mgawo huvuta watu wanaojifanya wengi; mmoja hufungua anwani mia moja ili apokee mafungu mia moja. Alama za watu hao zinajulikana, na makatibu wa zamani watazitambua: anwani nyingi zilizofunguliwa kwa karibu karibu, zikapata fedha zao za kwanza kutoka mfuko mmoja, zikafanya matendo yale yale kwa mfuatano ule ule, na mwisho zikakusanya kilichopatikana mahali pamoja. Mkono mmoja, majina mengi. Ni kama saini za orodha ya mahudhurio zilizoandikwa kwa kalamu moja na mwandiko mmoja. Waliondoa anwani takriban 17,000 katika orodha ya mgawo. Lakini hawakufuta akaunti yoyote katika leja, wala hawakuwa na uwezo huo. Orodha ya malipo ni kitu kimoja na daftari la uanachama ni kitu kingine. Katika chama chetu kile tungaliweza kuweka orodha ya wanachama waliolala, wasiohesabiwa katika akidi mpaka watakapojitokeza, huku hisa na haki zao zikibaki mahali pake. Mkitaka hivyo sheria ndogo zenu ziseme hivyo, na Mrajis azipitishe.

Kuna madaftari mengine yaliyojaribu kuzuia tatizo mlangoni, kwa kudai amana. Nitayapitia kwa kifupi. Katika daftari liitwalo XRP Ledger kila akaunti lazima iache humo kiasi kisichotumika. Kiasi hicho kilikuwa XRP 10 mpaka Desemba 2024, kilipopunguzwa kuwa 1. Tangu mwaka 2020 mwenyewe anaweza kuifuta akaunti yake, kwa ada maalumu, na kilichobaki kikaenda kwa akaunti nyingine atakayoitaja, mradi hana deni au ahadi iliyoning'inia. Tena lazima mafungu 256 yawe yamepita zaidi ya namba ya mwisho ya amri zake. Sharti hilo la 256 ni dawa ya ugonjwa ule ule wa amri za zamani kurudiwa.

Katika Solana, amana hupimwa kwa ukubwa wa ukurasa. Akaunti ya kawaida ya kushikia aina moja ya sarafu ina baiti 165, na kwa kanuni iliyotumika kwa miaka mingi iliwekewa amana ya SOL 0.00203928. Ni kidogo, lakini kila aina ya sarafu inahitaji akaunti yake; mwenye mia moja amefungia SOL 0.2 na ushei bila kukumbuka. Akaunti ya namna hiyo ikiwa na salio sifuri, mwenyewe anaweza kuifunga na amana ikamrudia. Huo nauona mpango wa busara, kwa kuwa anayelipia nafasi ndiye anayeitumia, naye ana sababu ya kuirudisha. Ila hapo ndipo wezi wamejipanga. Wanatangaza huduma za kukutafutia akaunti zako za bure na kukurudishia amana, nao wanakutaka utie saini. Kuziorodhesha akaunti hakuhitaji saini, maana leja iko wazi kwa kila mtu. Saini hutakiwa pale tu kitu kinapoondoka. Anayekutaka utie saini ili tu akutazamie, mwache aende zake.

Basi kijana yule akija na mkoba wake, mwulizeni kwanza: ukurasa wa mwanachama asiyetumia utagharamiwa na nani mwaka wa kumi? Kama bei yake ni kwa kila akaunti kwa mwezi, wale marehemu wote wa daftari lenu wataanza kulipiwa. Mwulizeni nani ana madaraka ya kufuta, kwa masharti gani yaliyoandikwa, na mwanachama atajuaje kabla. Na akisema kompyuta yake inawatambua wanachama wasiofaa kwa mwenendo wao, mwambieni awaonyeshe masharti yenyewe, moja moja, kisha mchukue daftari la mizani mkawatafute majirani zenu humo. Mkimkuta mtu mnayemjua ambaye masharti hayo yangemkata kwa makosa, hamna haja ya mfano wa pili.

Katika maswali, katibu mmoja kutoka upande wa milimani aliuliza: mwanachama akifa na hakuna aliyejitokeza, fedha zake katika daftari hilo la wazi zinakwenda wapi? Nilimjibu kwamba haziendi popote. Aliyekuwa na ufunguo amekufa nao, na hakuna mkutano mkuu, mahakama wala fundi atakayeufungua ukurasa huo kwa ufunguo mwingine. Utabaki ukionyesha salio lake, kila mtu akiliona.

Sisi tunalo jambo moja ambalo daftari lile halina, nalo ni mstari wa mrithi katika fomu ya uanachama. Wiki iliyopita, nikijiandaa kwa mazungumzo haya, nilipitia fomu za vyama vitatu vya jirani, na nyingi nilizoshika zilikuwa na mstari huo mtupu. Nimeleta bunda la fomu mpya. Liko mezani kwa karani pale mlangoni. Tafadhali kila katibu ahesabu anazohitaji na kutia saini kabla hatujaenda kula.